Rais Bila Kofia

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Waziri. Waziri wa Nywele, ukitaka cheo chote. Hakuteuliwa na mtu. Cheo alipewa na fundi viatu wa jirani, miaka mingi iliyopita, baada ya kuisikia kwa mara ya kumi ile habari yake ya kumnyoa Rais. Tangu hapo hata watoto wa shule wakipita mbele ya duka wanaamkia, "Shikamoo, Waziri," naye anaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye wizara.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu na kiti chake cha kunyolea viko chumba kimoja, katikati tumeweka pazia, maana nywele zikiruka zinaingia kwenye vitambaa vya watu na mimi sitaki maneno na wateja. Pazia linazuia nywele, maneno halizuii. Kila anachosema mume wangu upande wa pili nakisikia, na nimekisikia miaka thelathini na moja. Ungeniamsha usingizini ukaniambia anza, ningeanza, nisikose hata neno.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka mmoja kabla hatujajuana, alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, anafanya kazi kwenye duka la kunyolea la mtu. Rais alikuja mjini kufungua daraja, akalala nyumba ya wageni ya serikali. Kinyozi wake aliyesafiri naye tumbo likamkamata, hawezi hata kusimama. Asubuhi na mapema gari jeusi likasimama mbele ya duka, mume wangu anafagia, wanaume wawili wakamwuliza kama yeye ndiye kinyozi. Akasema ndiye. Hakuwa. Kinyozi mwenyewe alikuwa bado nyumbani kwake, huyu alikuwa anajifunza kazi, lakini hapo kwenye habari huwa anapita haraka haraka. Wakamwambia chukua vifaa, twende.

Akaingizwa chumba cha nyuma. Kuna kiti cha jikoni, na kwenye kiti amekaa Rais wa nchi, fulana mwilini, taulo shingoni, kichwa kitupu.

Hapo kwenye kichwa kitupu ndipo watu walipokuwa wanaangua kicheko, na lazima nikueleze kwa nini. Rais wetu yule hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Alivaa pama ya kijivu juani, mvuani, bungeni, na waliopanda naye ndege wanasema hata kwenye ndege. Picha yake iliyotundikwa kila ofisi ilikuwa na kofia. Kwenye stempu, kofia. Kuna waliosema ana upara, kuna waliosema ana pembe. Sasa mtu anakuja kukuambia kichwa hicho amekishika kwa mikono yake, amekiinamisha huku na huku, na anakijua kama anavyokijua chako.

Kwa maelezo ya mume wangu, nywele zilikuwa laini, pembeni zimeanza mvi, na juu ya sikio la kulia kulikuwa na kovu la urefu wa njiti ya kiberiti, mahali nywele hazioti. Rais alimwambia, "Punguza kidogo." Kazi ilipokwisha akamwambia, "Asante, kijana." Wale wanaume wakamrudisha na kumwonya afunge mdomo. Akaufunga, kwa kadiri ya saa tatu hivi.

Shahidi hana. Mwenye duka alipofika alimwambia anaota, na akamkaripia kwa kuacha duka wazi. Mimi siku ya kwanza kunijua aliniletea suruali nimpunguzie, akanisimulia nikiwa na pini mdomoni. Nikazitoa nikamwambia, "Na mimi juzi nimemshonea malkia gauni." Akacheka, na kesho yake akarudi na suruali nyingine ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Nikakubali anioe kwa sababu nyingine kabisa: hanywi, hachelewi kurudi, na akikosea anaomba radhi siku hiyo hiyo. Ile habari sikuiamini. Nilijiambia kila mwanamume ana uongo wake mmoja anaoupenda, na huu wa kwangu haumuumizi mtu.

Kati ya waliomtania, kiongozi alikuwa Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, kichwani hana hata unywele wa kuhesabu, lakini kila siku asubuhi yuko kwenye kiti cha mume wangu kunyolewa kidevu na kusoma gazeti la mwenzake. Alikuwa anamhoji mume wangu kama anavyomhoji mwanafunzi aliyechelewa. "Waziri, Rais alikuwa na masikio mangapi?" Fundi viatu naye kutoka barazani kwake, msumari mdomoni, anadakia, "Muulize kama na viatu alimvua." Mume wangu hakuwahi kukasirika. Anatikisa taulo, anasema, "Iko siku," basi, anaendelea na kazi yake.

Mwaka jana Rais akafariki. Alikuwa amestaafu zamani, mzee sana, alifia kitandani kwake akiwa na watu wake. Mume wangu alifunga duka siku tatu. Hakuna aliyemwamuru, maana hata ofisi za serikali zilifunga siku moja tu. Ungedhani kafiwa na baba mdogo. Nilimwambia, "Baba watoto, wenye msiba wenyewe wameshafungua maduka." Akaniambia, "Wao hawakumshika kichwa." Nikarudi jikoni nikicheka peke yangu.

Wiki ya pili, Mwalimu akiwa kwenye kiti na povu kidevuni, akasoma gazetini kwamba imetolewa picha rasmi ya kumbukumbu ya Rais. Itakuwa kubwa, ya rangi, yenye utepe mweusi kwenye pembe na miaka ya kuzaliwa na kufa chini, na itatundikwa kila duka, kila shule na kila ofisi. Ya mkoa wetu inachapwa hapa hapa mjini. Halafu Mwalimu akalisogeza gazeti karibu na miwani.

"Waziri," akasema. "Mjane ndiye aliyeichagua picha. Ni ya ujanani, ilipigwa nyumbani kwao. Bila kofia."

Nikasikia wembe umesimama.

"Bila kofia?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Basi imefika," mume wangu akasema, na sauti yake ilinifanya nipunguze mwendo wa cherehani.

Siku picha zilipotoka alivaa shati la harusi za watu, akaenda kupanga foleni kwa wapiga chapa kabla hawajafungua mlango. Alirudi na picha imeviringishwa ndani ya gazeti, ameibeba kwa mikono miwili. Nikamwambia aikunjue kwanza tuitazame sisi wawili. Akakataa katakata. "Niitazame nini? Naijua." Alikuwa hajaichungulia hata pembe. Akamwita Mwalimu, akamwita fundi viatu, akamwita na yule dada anayeuza vocha pale nje, ambaye hakuwahi kumkosea lolote. Mimi nikafunua pazia, nikasimama na mkasi wangu mkononi.

Akaibandika ukutani kwa pini nne. Kijana wa watu, anatabasamu, shati jeupe, nywele nyingi nzuri zimechanwa. Na kovu lipo. Juu ya sikio, urefu wa njiti ya kiberiti, kama umepimwa kwa njiti. Mwili wangu ulisisimka, sikufichi.

"Hilo hapo," mume wangu akasema, na akanyoosha mkono wake wa kulia. "Si nilisema? Kulia."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati lake, akaivaa tena. "Kulia kwako wewe, Waziri. Yeye anakutazama. Kulia kwako ni kushoto kwake."

"Haiwezekani."

"Tupime," Mwalimu akasema, kwa sababu mwalimu hata astaafu vipi haachi kupima. Wakamchukua fundi viatu, wakamsimamisha mgongo ukutani kando ya picha, uso wake umeelekea kule kule anakoelekea Rais. Mwalimu akaniomba chaki yangu ya kukatia nguo, akachora mstari juu ya sikio la fundi viatu, upande ule ule wa kovu. Kisha akamwambia, "Inua mkono wa kulia." Fundi viatu akauinua. Chaki ilikuwa upande wa pili.

Wakacheka. Nisiwasingizie, hawakucheka kwa ubaya, ni kicheko kilichokuwa kinasubiri miaka thelathini. Fundi viatu alisema labda siku hiyo Rais alikikalia kiti kinyume. Dada wa vocha alicheka bila kujua anachocheka. Na mimi, mwenye mume, nikashika pazia ili nisianguke, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mheshimiwa Waziri, sasa jiuzulu."

Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Halafu akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

Na kweli akajiuzulu. Kesho yake watoto wa shule walipomwamkia, "Shikamoo, Waziri," akawajibu, "Mimi ni kinyozi, wanangu, nendeni shule." Upande wa pili wa pazia pakawa kimya. Nasikia mkasi, nasikia wembe, nasikia "geuka huku," basi. Wateja wakawa wanakaa mezani kwangu kuniuliza kama mzee anaumwa. Siku kumi hivyo. Miaka yote hiyo nilikuwa namwambia afunge mdomo nishone kwa amani, sasa amefunga na mimi nakosea mishono.

Siku ya kumi na moja, tunakunywa chai kabla ya kwenda dukani, akasema bila kuniangalia, "Labda hakuwa yeye."

"Nani?"

"Yule niliyemnyoa. Mtu akiwa na fulana na taulo utamjuaje? Labda alikuwa dereva. Labda wale watu walinichezea tu, wakanikalishia mpishi wao." Akakizungusha kikombe. "Nilikuwa kijana. Nilitaka awe yeye."

Mimi sikosi neno, muulize yeyote. Lakini asubuhi hiyo nilitafuta mzaha nikaukosa. Niliumia. Mtu huyu hakuwahi kupanda jukwaani wala kuandikwa gazetini. Maisha yake yote amesimama nyuma ya vichwa vya watu wengine, na katika maisha hayo alikuwa na asubuhi moja ya kwake. Hatukumwibia sisi peke yetu. Sasa alikuwa anajiibia mwenyewe, mbele yangu, na mimi ndiye niliyemwonyesha njia. Kweli au uongo, nikatamani airudie ile habari yote, tangu gari jeusi mpaka mwisho, nami ninyamaze.

Haya. Wakati huo huo kulikuwa na maandalizi ya mkusanyiko wa kumbukumbu uwanjani, na kwaya ya mtaa ilikuwa iimbe. Fundi viatu anaimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya hiyo, na ndiye aliyeniletea kazi: mashati kumi na mawili meupe, kola na mfuko kama vile vya shati alilovaa Rais kwenye picha. Nikamwambia mimi nikiambiwa kama picha, ni kama picha. Nikaibandua ile picha upande wa mume wangu, hakusema kitu, nikaibandika mbele ya cherehani yangu. Nilihesabu mishono ya kola. Nilipima mfuko kwa macho na kwa rula. Mimi nikiona nguo, macho yangu yanaiona nguo tu, aliyeivaa simwoni. Nikakata, nikashona la kwanza kwa kipimo cha fundi viatu, nikamwita aje ajaribu.

Akalivaa. Mabega sawa, kola imekaa vizuri kabisa. Akaanza kufunga vifungo, vikawa vinamkimbia. Anajaribu mkono huu, anajaribu ule, ulimi umemtoka pembeni.

"Shemeji," akasema, "vifungo vyako leo vina nini?"

"Vidole vyako vimezoea misumari. Funga."

"Shemeji, hii ni blauzi."

Nikapandwa na hasira. Nimeanza kushona nikiwa na miaka kumi na tisa, nimeshona sare za shule mbili na magauni ya maharusi ambao sasa ni bibi za watu, leo mgonga viatu anakuja kunifundisha blauzi ni ipi. Nikamshika bega nikamgeuza kwenye picha. "Tazama hapa. Umetaka kama picha. Upande wa kulia umelala juu ya wa kushoto, kama picha. Mfuko uko kifua cha kulia, kama—"

Kidole changu kikasimama juu ya mfuko.

Jambo hili fundi yeyote wa nguo analijua kabla hajajua kupiga pasi. Shati la mwanamume, upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia, na mfuko hukaa kifua cha kushoto. La mwanamke hufunga kinyume. Na mimi nilikuwa nimekaa siku mbili natazama shati la mwanamume lililofungwa kama la mwanamke, na mkono wangu ukanakili tu. Nikajiambia, ama Rais alipigwa picha amevaa blauzi ya mkewe, na mfuko wameushona upande usio wake, ama… Nikainua macho kutoka kwenye shati mpaka kwenye sikio.

Niliibandua picha, pini mbili zikaruka sijui wapi, nikapita katikati ya pazia bila kulifunua. Mume wangu alikuwa amemnyoa Mwalimu shavu moja, la pili bado lina povu. Sikuamkia mtu. Nikasimama nyuma ya kiti, nikaiinua picha juu ya kichwa cha Mwalimu, uso wa Rais ukielekea kwenye kioo.

"Tazameni kwenye kioo," nikasema. "Msinitazame mimi. Kioo."

Maandishi ya chini yalikuwa yamegeuka hayasomeki, lakini shati lilikuwa limenyooka. Kushoto juu ya kulia. Mfuko kifua cha kushoto, mahali pa mfuko wa mwanamume tangu dunia iumbwe. Na kovu lilikuwa juu ya sikio la kulia.

"Wamemchapa kinyume," nikasema. "Vifungo haviongopi. Wamemgeuza."

Fundi viatu alikuwa amesimama mlangoni na blauzi yake iliyofungwa nusu. Mwalimu alitazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena. Kisha akainuka, kitambaa shingoni, povu shavuni, akatoka nje. Fundi viatu akamfuata. Watu wa barabarani wakawapisha, na mimi ningewapisha.

Kwa wapiga chapa ni mitaa miwili tu. Walirudi baada ya kama nusu saa, na Mwalimu ndiye aliyeeleza, akiwa amesimama wima kama anasoma matokeo ya mtihani. Mkubwa wa pale kwanza alikana. Mwalimu akamwambia amvue fundi viatu shati alivae yeye afunge vifungo. Ndipo akakiri. Filamu ya picha, si ile ya maandishi, iliwekwa mgongo mbele siku ya kwanza, na siku ya pili waligundua, lakini maelfu yalikuwa yameshapelekwa mashuleni na maofisini. Wakaambiana wanyamaze.

"Nikamwuliza, mlinyamazaje kwa jambo kama hili?" Mwalimu akasema. "Akanijibu, nani angejua, mzee, nchi nzima hakuna aliyemwona bila kofia. Nikamwambia, yupo mmoja."

Kisha akamgeukia mume wangu. Mwalimu anamzidi mume wangu miaka kumi na mitano, tena isiyopungua. Akainamisha kichwa chake kile kinachong'aa, akasema, "Shikamoo, Waziri."

Mume wangu hakujua aweke wapi mikono. "Mwalimu, tafadhali kaa," akasema. "Povu linakauka." Akachovya brashi, akampaka upya, akaanza shavu lililobaki.

Mimi nilidhani siku hiyo tutacheza ngoma. Mchana tukakaa nyuma kula, yeye kimya, anatafuna.

"Umefurahi?" nikamwuliza.

"Nimefurahi."

"Mbona husemi kitu?"

Akameza kwanza. "Mama watoto, mimi umenijua lini?"

"Miaka thelathini na moja, unaniuliza?"

"Na vile vifungo umeviona lini?"

"Leo."

"Basi," akasema. "Umeviamini vifungo."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu, ningepata pa kushikia. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imepungua, akaendelea kula. Mimi chakula kikanishinda. Niliosha vyombo vile vile mara mbili nikiwaza. Habari ile ilikuwa haijaongezeka hata unywele mmoja kwa miaka yote hiyo. Mwongo angeongeza. Mwongo angempa Rais hotuba, angejipa zawadi, angeweka na simba njiani. Huyu alibaki na kiti cha jikoni na fulana, mwaka baada ya mwaka, na mimi nimelala pembeni yake mwaka baada ya mwaka nikimwita mwongo kwa mapenzi. Nikaona aibu, tena aibu ya kweli, siyo ile ya kucheka.

Habari zikaenea, unajua mtaa. Siku iliyofuata duka lilijaa. Walikuja mpaka watu wa ng'ambo ya pili, ambao wana vinyozi wao. Waliokosa kiti walikaa sakafuni, wengine wakafunua pazia langu wakakaa juu ya vitambaa vya kwaya, na mimi sikuwafukuza. Picha ilikuwa imerudi ukutani, safari hii Mwalimu ameandika kwenye karatasi chini yake: Imegeuka. Tazama kwenye kioo.

Wakamwomba asimulie. Alikuwa anamnyoa mteja, kwa hiyo alisimulia hivyo hivyo, anakata, anasema, anakata. Gari jeusi. Kiti cha jikoni. Fulana. Kovu. Watu kimya kama wako msibani. Wakati huo ndipo nilipoona kwamba mume wangu hajawahi kusikilizwa. Alikuwa amezoea kusimulia huku anakatizwa, ana pa kusimama kusubiri kicheko, na sasa akifika pale pa kicheko hakipo, anabaki na nafasi tupu mkononi. Akafika kwenye "Asante, kijana." Mwisho wa habari. Watu wote bado wamemkodolea macho, wanataka zaidi. Nikamwona anatafuta.

"Halafu," mume wangu akasema.

Mimi nikainua kichwa. Halafu haikuwahi kuwepo.

"Halafu nilipofika mlangoni, akaniita. Akaniambia, nisalimie mkeo."

Mguno ukapita chumba kizima. Dada wa vocha akashika kifua. Na mume wangu palepale masikio yakamwiva, maana kabla hajamaliza kulisema alishajua amesema nini. Mwaka ule hakuwa na mke. Mwaka ule mimi nilikuwa kwa baba yangu, sijui kama kuna kinyozi wa namna hii duniani. Watu wengi mle ndani hawakulijua hilo. Mwalimu analijua, alikuwepo harusini. Nikamwona anahesabu miaka kwa vidole chini ya gazeti, miwani imeteremka puani. Alipomaliza kuhesabu akanigeukia polepole, na wote wakageuka kumfuata.

"Shemeji," Mwalimu akasema, "hizo salamu ulizipata?"

Mume wangu alikuwa amenipa mgongo. Tulionana kwenye kioo. Mkasi umesimama hewani, na uso wake ulikuwa uso wa yule kijana aliyesema ndiye kinyozi wakati siye.

"Nilizipata," nikasema. "Siku ile ile. Nikamwambia akimwona tena amwambie zimefika."

Mwalimu akanitazama muda mrefu, kisha akafungua gazeti lake. Mume wangu akaweka kiganja juu ya kichwa cha mteja. "Inama kidogo," akamwambia, na mkasi ukaanza tena.